Herufi isiyoonekana ilivyonilia kadi 180

Nipo Maskati mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye duka la kuprinti pale Ruwi, bosi wetu ni Mwarabu wa Unguja na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi mtu wa Tanga. Kazi zetu ndo zile zile, bizinesikadi, mabango, stika za magari, menyu za mikahawa, vitambulisho vya wafanyakazi. Na ukiwa mtu wa kuprinti Maskati basi lugha zote zinapita mezani kwako, Kiarabu, Kiingereza, Kihindi, Kibangla, Kimalayalamu, na Kisinhala cha ndugu zetu wa Sri Lanka. Nyingi huzijui hata salamu lakini unazichapa. Mimi nilikuwa nakopi, napesti, naangalia imekaa vizuri, napeleka printa. Kwangu herufi ilikuwa picha tu, ikionekana nzuri kwenye skrini nimemaliza.

Sasa kuna mzee mmoja wa Kandy, Sri Lanka, msimamizi wa mafundi kwenye saiti za ujenzi, mteja wetu wa siku nyingi. Mimi namwita aiya, ndo kaka kwa Kisinhala, yeye ananiita malli, mdogo wangu. Mwezi wa tatu akaja na kazi ya Avurudu, yaani mwaka mpya wao, unaangukia tarehe 13 na 14 Aprili. Wanakodi kiwanja, wanavutana kamba, wanapanda nguzo iliyopakwa grisi, wanakula kiribath ambayo ukiiona utasema wali wa nazi umekandamizwa kwenye sinia ukakatwa vipande kama kashata, na kweli ni wali wa tui. Alitaka beji 180, kila mtu na jina lake, Kisinhala kikubwa juu, herufi za Kizungu ndogo chini. Majina yote yapo kwenye faili la Excel, yamechapwa safi na binti yake aliyeko Colombo.

Kazi rahisi, nikasema kesho kutwa njoo chukua.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo maana kosa halikuanza siku ile. Miaka miwili kabla nilikuwa nasumbuliwa sana na majina ya Kiarabu yanayokuja kwa WhatsApp. Ukikopi jina linakuja na vidudu visivyoonekana, alama za kuiambia kompyuta andika kuelekea kulia au kushoto, ukipesti kwenye dizaini jina linahama, namba ya simu inageuka nyuma mbele, mabano yanakaa upande wa ajabu. Nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kuangalia video usiku, nikaandika skripti, yaani programu fupi, ya kusafisha, inafuta kila kitu kisichoonekana kuanzia kodi U+200B mpaka U+200F, kodi ndo namba ambayo kompyuta inaitambulia kila herufi au alama. Kodi tano hizo. Nilijiona fundi kwelikweli. Kila orodha ya majina inayoingia dukani lazima ipite kwenye ile skripti kwanza, na miaka miwili nzima hakuna mteja aliyelalamika, si Mwarabu, si Mhindi, si Mbangla.

Orodha ya aiya nayo ikapita.

Nikaangalia majina ya mwanzo mwanzo nikilinganisha na faili lake, සුනිල්, hilo ni Sunil, likaja කමල්, Kamal, yako sawasawa kama pacha. Nikaprinti zote, nikapiga laminesheni, nikakata, nikatoboa tundu, nikatia kamba. Zikapangwa kwenye boksi nzuri kabisa.

Aiya akaja jioni. Akachukua ya kwanza, akatabasamu. Ya pili sawa. Ya tano hivi akanyamaza, akaisogeza mbali na macho kama mtu aliyesahau miwani, akaiweka pembeni. Akachukua nyingine akaweka pembeni tena. Fungu la pembeni likawa linakua na mimi pale kaunta jasho limeanza. Mwisho akaniuliza, malli, hawa watu umewafanya nini?

Nikamwambia aiya mimi sijagusa herufi hata moja, nimekopi tu. Nilisema kweli nikiamini, na ndo kinachoniuma mpaka leo.

Akanionesha jina la Priyantha. Linatakiwa liwe ප්‍රියන්ත, mimi nimechapa ප්රියන්ත. Angalia vizuri mwanzoni hapo. Kwa mtu asiyejua ni karibu kitu kimoja, kwa Msinhala ni kama umwone mtu amevaa shati vifungo vimepishana, unajua ni nani na unaweza kusoma, ila huyo mtu huwezi kumpeleka kwenye sherehe. Fungu zima la pembeni lilikuwa na ugonjwa huo huo, kina Chandra, kina Vikrama, kina Shriyani. Kina Sunil na kina Kamal hawakuguswa, na mimi ndo nilikuwa nimewakagua hao.

Akavuta kiti, akachukua kadi mbovu akaigeuza nyuma akaanza kuniandikia kwa kalamu. Nilijifunza mambo ya fonti zaidi saa ile moja kuliko miaka yote ya dukani.

Iko hivi. Kisinhala kila konsonanti inakuja na sauti ya "a" ndani yake. ක sio "k", ni "ka". Ukitaka "k" tupu lazima uiue ile "a", unaweka alama inaitwa al-lakuna, inakuwa ක්. Alama hiyo hiyo ina sura mbili kutegemea imekaa kwenye herufi gani, kwenye ක් ni kama kibendera, kwenye ම් ni kama kitanzi cha kamba, lakini kwenye kompyuta ni kodi moja tu, U+0DCA, fonti ndo inaamua ivae nguo gani. Haya, sasa "r" ikifuata baada ya herufi iliyouliwa, kama kwenye "pri" au "shri" au "dra", Msinhala haandiki ර yake nzima, anaandika mkunjo mdogo unaopita chini ya herufi ya kwanza, unaitwa rakaransaya. Na "y" nayo ina mkato wake, yansaya, kama kwenye neno vidya, yaani elimu, විද්‍යා.

Nikamuuliza swali la kijinga, huo mkunjo wa chini uko wapi kwenye kibodi? Akasema kwenye kibodi nabonyeza kitufe kimoja. Sasa mimi nikafungua lile neno kwenye kompyuta, faili la asili la binti yake, nikaichambua ශ්‍රී, ile "Sri" ya kwenye jina la nchi yenyewe. Macho yanaona umbo moja. Kompyuta inaona vitu vitano: U+0DC1 ambayo ni ශ, U+0DCA ya kuua, U+200D, U+0DBB ambayo ni ර, na U+0DD3 ya "ii" ndefu. Ule mkunjo hauna kodi yake kabisa. Kinachouzaa ni hiyo ya katikati, U+200D, kiunganishi kisichoonekana, haina umbo wala upana wala wino, kazi yake ni kuiambia fonti hawa wawili waunganishe.

U+200D. Ipo katikati ya 200B na 200F. Skripti yangu ilikuwa inaila.

Nilikaa chini.

Nilichojiuliza baadaye ni kwa nini Kihindi hakikuwahi kuharibika. Nacho kina "shri", श्री, na nacho kinaua "a" kwa alama kama hiyo. Nikaichambua, vitu vinne tu, hakuna kiunganishi. Kumbe Kihindi ukiua "a" alafu ikaja konsonanti nyingine kompyuta inaunganisha yenyewe, hiyo ndo kawaida, ukitaka zisiungane ndo useme. Kisinhala ni kinyume, kawaida ni kuachana, alama ya kuua inaonekana wazi na herufi zinakaa kila moja kivyake, ukitaka ziungane useme kwa U+200D. Na ukifikiri ina maana, hilo hilo jina la Priyantha lina "pr" ambayo inaungana na "nt" ambayo haiungani, න්ත, zimekaa mbali mbali kwenye jina moja. Kompyuta itajuaje ipi ni ipi? Lazima mwandishi aiambie. Mimi nikawa mtu wa kati anayemziba mwandishi mdomo.

Usiku ule nikarudi pia kwenye kazi za zamani, moyo unadunda. Menyu ya mkahawa mmoja wa Kiirani, kichwa cha vinywaji, kwa Kifarsi kinatakiwa kiwe na U+200C, kitenganishi kisichoonekana, katikati ili kiambishi cha wingi kisigandane na neno, skripti ilishakifuta na maneno yamegandana, menyu iko mezani kwa watu mwaka mzima. Hakuna aliyesema. Nikaenda nikamwambia mwenyewe, akacheka akasema wateja wake wanaangalia bei.

Bosi yeye hakucheka wala hakufoka. Alisema mwanangu, karatasi nalipa mimi, laminesheni unalipa wewe. Ikawa hivyo, na kadi zote 180 zikarudiwa, kina Sunil nao, maana nilikuwa siziamini tena hata zile nzima.

Sasa ungedhani mara ya pili nilifanya kwa utulivu. Skripti niliiweka pembeni nikatumia faili la asili, safi. Ila kulikuwa na watu sita wameongezeka, majina yao aiya ameyaandika kwa mkono kwenye kipande cha boksi. Nikasema nayachapa mwenyewe, nikafungua kibodi ya Kisinhala kwenye skrini, nikawa nabonyeza kwa kufananisha maumbo. Jina moja ni Ruwan, රුවන්. Nikaona ර, alafu pembeni yake kuna kimkia kinachofanana kabisa na alama ya "æ", sauti iliyo kati ya "a" na "e", niliyoiona kwenye herufi nyingine, nikabonyeza hiyo. Ikatoka රැවන්. Mimi nikaona imefanana, kakunjo kamekaa tofauti kidogo nikasema ni fonti.

Aiya akasoma kwa sauti, "Ræwan", kama mbuzi anayelia, akacheka mpaka akashika kaunta.

Kumbe ර ni mkorofi. Herufi nyingi zikichukua "u" zinapata mkia chini, kama පු na කු, na hata mkia wenyewe haufanani. Lakini ර ikichukua "u" inavaa alama ambayo kwa wenzake ni ya "æ", na kwa sababu nguo hiyo imeshachukuliwa, "ræ" ikabidi itafutiwe umbo lake la peke yake. Kodi zao haziongopi, "u" ni U+0DD4 popote iendapo, "æ" ni U+0DD0, ila umbo linadanganya. Ukichapa kwa macho unapotea, inabidi uchape kwa sikio. Aiya alivyonisomea yale majina sita kwa sauti na mimi nikachapa sauti badala ya umbo, yote yalitoka sawa mara ya kwanza, na Kisinhala sijui.

Kuna na hii ya kombuva, ෙ, alama ya "e". Inaandikwa kushoto kwa herufi. Ukisoma "ke", කෙ, jicho linakutana na alama kwanza alafu ndo ක. Lakini kwenye Unicode, ule mfumo wa dunia nzima unaoipa kila herufi kodi yake, inahifadhiwa kwa mpangilio wa kutamka, ක kwanza, "e" baadaye, na ni kazi ya fonti kuirusha kushoto. Ukiona kombuva imesimama na kiduara cha nukta nukta pembeni yake, ujue imepoteza herufi ya kuishikilia, mtu ameikata vibaya au ameichapa kabla. Aiya kumbe aliwahi kuwa karani kijijini kwao, alifundishwa kwenye taipureta ya mpangilio wa Wijesekara, kule unapiga kombuva kwanza kama inavyoonekana kwenye karatasi, na vidole vyake mpaka leo vinafanya hivyo hivyo, kibodi ya kompyuta ndo inamgeuzia kimya kimya.

Alinieleza na hadithi ya mafaili yao ya zamani, ambayo nilikuwa nimeshakutana nayo bila kujua. Kabla Kisinhala hakijaingia kwenye Unicode, na kiliingia toleo la 3.0 mwaka 1999, na hata miaka mingi baada ya hapo, watu walikuwa wanatumia fonti za ujanja. Unachapa herufi za Kizungu, fonti inazichora kwa sura ya Kisinhala. Ukikosa ile fonti unaona takataka. Sri Lanka inakuwa hivi: Y%S ,xld. Nimepokea mafaili ya namna hiyo sijui mangapi nikiwarudishia wateja nawaambia faili lako limekufa. Halijafa, limevuliwa nguo tu. Y ndo ශ, alama ya asilimia ndo ule mkunjo wa chini, S ndo "ii". Ukitazama hapo utaona kwenye fonti ya ujanja ule mkunjo ulikuwa na kitufe na namba yake mwenyewe, ndo maana wachapaji wa zamani walizoea kuuona kama kitu kinachojitegemea. Unicode ikaja ikasema hapana, huyu ni ර yule yule, amekaa tu kwa namna nyingine. Sri Lanka wenyewe walikuwa na kiwango chao, SLS 1134 cha mwaka 1996, kikaja kurekebishwa 2004. Binafsi naona walifanya sawa, kwa sababu ukitafuta "r" unaipata popote ilipojificha, ila gharama yake ni hiyo, jina la mtu linaning'inia kwenye kodi moja isiyoonekana ambayo fundi yeyote mwenye kiherehere anaweza kuifagia.

Hilo neno kuning'inia lenyewe. Tunacheka Kisinhala kina vitu vitano kwenye umbo moja, sisi ng' tunaiandika kwa alama tatu na ni sauti moja, na ile ritifaa inatutesa hivyo hivyo. Kuna ritifaa iliyonyooka, U+0027, kuna iliyopinda, U+2019, simu inaweka hii kompyuta inaweka ile, ukitafuta ng'ombe kwenye faili unaambiwa hakuna na ng'ombe kajaa. Rafiki yangu Mkenya ana ng' mbili kwenye jina, kuna fomu ilimkatalia kabisa ikamwambia jina lako lina alama zisizoruhusiwa. Jina lake mwenyewe la kuzaliwa!

Na kwa upande mwingine wametuzidi. "Mb" yetu ya mbuzi na "nd" ya ndizi sisi tunaunganisha herufi mbili mbili. Wao kila moja ina herufi yake kamili, ඹ ni "mba", U+0DB9, ඳ ni "nda", U+0DB3. Aiya alinitajia jina la hiyo ya kwanza, amba bayanna, "ba" ya amba. Nikamuuliza amba ni nini, akasema tunda, la njano, lina kokwa kubwa. Nikamwambia sisi tunasema embe. Tukaangaliana. Akaandika nyuma ya kadi අඹ, herufi mbili tu neno zima, na mimi chini yake nikaandika embe, herufi nne.

Siku hizi skripti yangu ipo ila imepungua meno, inafuta U+200B tu na zile mbili za mwelekeo, tena kwenye orodha za Kiarabu peke yake, 200C na 200D haigusi. Kompyuta mpya ikija dukani kitu cha kwanza nachapa ශ්‍රී, ikikaa vizuri naendelea, ikiachana najua fonti au programu haijui kazi. Kabla ya kupeleka printa nageuza maandishi yote kuwa michoro ili mashine ya mwisho isije ikajipangia. Na zile programu za beji zinazokata jina likizidi urefu nimezizima hiyo kitu, kwa sababu zinahesabu kodi, Sunil ambaye machoni ni maumbo matatu kwao ni sita, zinaweza kukata katikati zikaacha alama ya kuua bila aliyeuawa. SMS nazo ni hivyo, ya Kizungu inachukua herufi 160, ukiweka Kisinhala inashuka mpaka 70 na ile "Sri" imeshakula tano. Aiya alituma mwaliko wa sherehe ukakatika vipande vitatu akadhani simu mbovu.

Na kukagua sasa nakagua majina yenye vurugu, sio ya mwanzo wa orodha. Natafuta kwanza yenye r na y ndani.

Wiki iliyopita akaingia kijana mmoja na flashi, anataka kadi za harusi, faili la zamani la mjomba wake anataka kubadilisha majina tu. Nikafungua, skrini nzima takataka, akaanza kuomba radhi kwamba pengine faili limeharibika. Juu kabisa palikuwa na Y%S. Nikamwambia hapa imeandikwa Sri. Akaniangalia mimi, akaangalia skrini, akaniuliza Kisinhala nimejifunzia wapi. Nikamwambia sijui Kisinhala, najua hilo neno na embe.